Betri ya pili kwenye gari la safari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fyuzi na waya

Majibu haya yanahusu zaidi magari ya volti 12 yanayobeba friji, soketi za kuchajia kamera, redio ya mawasiliano, taa za ziada na pengine inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani). Magari ya volti 24 yana swali lao mbele. Mafundi wengi husema positivu na negativu; hapa tumeandika chanya na hasi. Unene wa waya ni wa shaba yenyewe, kwa milimita za mraba (mm²), bila plastiki ya juu.

Kwa nini nisiunge kila kitu kwenye betri ya kuwashia?

Betri ya kuwashia imeundwa kutoa ampea mia kadhaa kwa sekunde chache, kisha irudishiwe chaji papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Ukiiachia friji usiku kucha zinachakaa upesi, na asubuhi stata inagonga "tik" moja tu mkiwa mbugani Ndutu na wageni sita ndani. Betri ya pili inabeba vifaa peke yake. Ikiisha, vinywaji vitapata moto, lakini injini itawaka.

Wengi hufunga N70 ya kawaida (betri ya gari ya ampea-saa 70) kuwa betri ya pili kwa sababu inapatikana kila mji. Inafanya kazi, ila usitegemee zaidi ya nusu ya ujazo wake, yaani kama ampea-saa 35. Aina ile inayouzwa kwa ajili ya sola huvumilia zaidi kushushwa chini na kuchajiwa tena.

Fyuzi inalinda nini hasa: kifaa, betri au waya?

Waya. Hili likieleweka, mengine yote yanajipanga. Friji au redio ikiharibika ndani, fyuzi haitaiokoa. Ikikatika, kifaa kimeshakufa. Kazi ya fyuzi ni kuhakikisha kwamba waya ukichunika na kugusa bodi, umeme unakatika kabla waya haujageuka kuwa tanuri.

Chukua mfano. Waya wa mm² 1.5 umetoka kwenye betri bila fyuzi, ukapita kwenye tundu la bati lenye makali, na mita tatu mbele umechunika. Ukinzani wa mita tatu za waya huo ni kama omu 0.035, na betri yenyewe ina ukinzani mdogo mno. Zitapita ampea 250 hadi 300. Kwa mkondo huo shaba ya waya mwembamba namna hiyo hufika nyuzi joto 160 chini ya sekunde moja, na plastiki inaanza kuyeyuka na kuunganisha waya za jirani. Ile ile shoti ikikutana na fyuzi ya ampea 15 inakatwa kabla hujasikia harufu.

Kwa hiyo mpangilio wa kufikiri ni huu: jua kifaa kinavuta ampea ngapi na kiko umbali gani, chagua waya unaofaa, kisha chagua fyuzi isiyozidi uwezo wa waya huo. Anayeanza na fyuzi kisha akatafuta waya wowote uliopo dukani ameanzia mwisho.

Fyuzi iwekwe wapi?

Kwenye chanya, karibu na betri iwezekanavyo. Sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri ni kipimo kizuri. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kiwe kifupi, kivishwe bomba la plastiki, na kisipite juu ya ukingo wa bati.

Kosa linaloonekana sana ni fyuzi kuwekwa mwisho wa safari, nyuma ya friji, eti ili iwe rahisi kuifikia. Hapo mita sita za waya chini ya zulia zimebaki wazi.

Waya mkubwa unaounganisha betri ya mbele na betri ya nyuma unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande. Sababu ni kwamba pande zote mbili kuna chanzo cha umeme. Ukichunika katikati na fyuzi ikawa mbele tu, itakatika ya mbele, na betri ya nyuma itaendelea kuuchoma waya kama hakuna kilichotokea. Kwa paneli ya sola ni vivyo hivyo: fyuzi kati ya kidhibiti chaji na betri ikae upande wa betri.

Nitumie waya wa unene gani?

Kuna mambo mawili tofauti: waya usipate moto, na volti zisipotee njiani. Katika gari, mara nyingi ni la pili linaloamua.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha 0.0175 kwa urefu wa waya kwenda na kurudi (mita), zidisha kwa ampea, kisha gawa kwa unene (mm²). Jibu ni volti zinazopotea. Kwa friji na redio usikubali kupoteza zaidi ya volti 0.35 hivi. Kwa taa, 0.6 inavumilika.

Tuseme friji inavuta ampea 5, na njia ya waya kutoka kwenye boneti hadi buti ni mita 6, yaani 12 kwenda na kurudi:

- waya wa mm² 1.5: inapotea volti 0.70
- waya wa mm² 2.5: volti 0.42
- waya wa mm² 4: volti 0.26
- waya wa mm² 6: volti 0.18

Waya wa 1.5 hautapata moto hata kidogo kwa ampea 5. Ila friji itaona volti 11.5 wakati betri bado ina 12.2, itadhani betri imeisha, na itajizima. Chukua mm² 4, au 6 kama unafikiria kuongeza soketi nyingine hapo nyuma.

Kwa upande wa moto, hivi ndivyo viwango vya juu vya fyuzi tunavyoshauri kwa kila unene. Vimeshushwa makusudi, kwa sababu waya wa gari hupita karibu na injini na hufungwa pamoja na waya nyingine:

- mm² 1.5: ampea 15
- mm² 2.5: ampea 20
- mm² 4: ampea 30
- mm² 6: ampea 40
- mm² 10: ampea 60
- mm² 16: ampea 80
- mm² 25: ampea 100
- mm² 35: ampea 150
- mm² 50: ampea 200

Waya umeandikwa "6 mm". Ndio mm² 6?

Si lazima. Waya wa magari kutoka baadhi ya nchi, hasa Australia, huuzwa kwa kipenyo cha nje, plastiki ikiwemo. "6 mm" ya namna hiyo ina shaba ya mm² 4.6 hivi. Bora uangalie maandishi kwenye waya wenyewe, au ukate ncha uone shaba ni nyingi kiasi gani ukilinganisha na plastiki.

Tatizo kubwa zaidi sokoni ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa nje unang'aa kama shaba, bei yake inavutia, na ni mwepesi mkononi kuliko unavyotarajia. Unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, na unavunjika upesi kwa mtikisiko. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, ni aluminiamu. Usichanganye na waya wa shaba uliopakwa bati, ambao ni mweupe nje na mwekundu ndani. Huo ni mzuri, na kwa magari yanayofanya kazi pwani, Mombasa au Bagamoyo, ndio wa kutafuta kwa sababu chumvi haiuli haraka.

Waya mgumu wa nyumba, wenye uzi mmoja mnene, usiingie kwenye gari. Barabara yenye matuta ya mawimbi itaukata kwenye kiungo.

Nichague fyuzi ya ampea ngapi?

Fyuzi isifanye kazi mfululizo kwa zaidi ya asilimia 80 ya namba yake. Mzigo wa ampea 8 unaowaka saa nyingi uende kwenye fyuzi ya 10. Wa ampea 10 uende kwenye 15. Juu, usivuke kiwango cha waya kwenye orodha iliyotangulia. Kati ya hizo namba mbili chagua yoyote.

Friji inavuta 5 lakini kompresa inapoanza inaruka juu kwa muda mfupi, kwa hiyo 10 au 15 inafaa. Kitabu cha friji kikitaja namba, fuata hiyo.

Usidhani fyuzi ya 10 inakatika ikifika 10.1. Fyuzi ya kawaida ya gari inaweza kuhimili asilimia 110 siku nzima, na kwa asilimia 135 inaruhusiwa kuchukua hadi dakika 10 kabla ya kukatika. Waya lazima uweze kuvumilia dakika hizo.

Rangi za fyuzi zina maana gani?

Kwa fyuzi za kawaida za miguu miwili: zambarau 3, kahawia hafifu 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe angavu 25, kijani 30.

Tahadhari na zile kubwa za umbo hilo hilo, ziitwazo maksi. Huko njano bado ni 20 na kijani bado ni 30, lakini nyekundu ni 50 na bluu ni 60. Kwa hiyo ukimtuma kijana dukani, mpe namba, usimpe rangi.

Kuna aina nyingi za fyuzi. Ipi kwa kazi ipi?

Za miguu miwili zinatosha kwa vifaa vyote hadi ampea 30. Kati ya 40 na 150 tumia zile za kufungwa kwa bolti ziitwazo midi. Kuanzia 100 kwenda juu, za mega. Fyuzi za kioo ziache kwenye redio za zamani. Chemchemi yake inalegea barabarani na kuleta moto mahali pasipo na mzigo.

Swichi za kukata umeme zenyewe, zile za kubonyeza na kurudisha, zinapendwa kwa kuwa hazihitaji akiba. Zilizotengenezwa vizuri ni nzuri. Zile za bei ya chini zinazoiga majina makubwa hupata moto chini ya namba iliyoandikwa, hupoteza volti, na baadhi hazikati kabisa. Kwa waya mkuu, sisi tungefunga midi na kubeba mbili za akiba.

Fyuzi inakatika kila mara. Fundi ameweka kubwa zaidi na sasa haikatiki. Tatizo limeisha?

Limehamia kwenye waya. Karatasi ya pakiti ya sigara na kipande cha waya kilichozungushwa kwenye miguu ya fyuzi ni jambo hilo hilo.

Angalia jinsi inavyokatika. Ikikatika papo hapo unapoiweka, na kioo chake kikawa cheusi ndani, ni shoti: waya unagusa bodi mahali fulani. Chomoa kifaa, weka fyuzi nyingine. Ikikatika tena, shoti iko njiani. Tafuta pale waya unapopita kwenye bati, chini ya reli za viti, na kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Ikishika baada ya kuchomoa kifaa, kosa liko ndani ya kifaa. Ikiwa inakatika baada ya dakika kadhaa na uzi wa ndani umeyeyuka taratibu katikati bila weusi, mzigo umezidi: pengine mtu ameunga pampu ya upepo kwenye soketi ya friji.

Plastiki ya fyuzi imeyeyuka lakini uzi wa ndani ni mzima. Inawezekanaje?

Inatokea sana, na watu hubadilisha fyuzi tu kisha wanashangaa baada ya wiki. Hapo kilichopata moto ni kiungo. Mguu wa fyuzi ukishikwa kwa ulegevu, ukinzani wa omu 0.02 tu na mkondo wa ampea 20 vinatoa wati 8 za joto, zote zimebanwa kwenye kipande cha bati chenye upana wa milimita 5. Mkondo haujazidi, kwa hiyo fyuzi haina sababu ya kukatika. Itakaa pale ikiiva.

Ukiichomoa utaona mguu mmoja umekuwa wa bluu au kahawia, na kishikio cha ndani kimetanuka. Badilisha kishikio chote, si fyuzi peke yake, na kata waya nyuma hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haibani vizuri hata ukiipiga lagi mpya (kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya).

Nifunge vipi kisanduku cha fyuzi, hatua kwa hatua?

Kisanduku cha njia sita kinatosha gari nyingi, ila nunua cha kumi na mbili kama nafasi ipo. Vingi vinaruhusu ampea 30 kwa njia moja na 100 kwa jumla.

1. Ondoa hasi ya betri zote mbili kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaichomelea spana hapo hapo.
2. Funga kisanduku mahali pakavu, juu ya kimo cha maji ya kuvuka mto, na mahali ambapo mkono unafika bila kushusha mizigo.
3. Toa waya mkuu wa chanya kutoka betri ya pili. Kwa jumla ya ampea 40 na umbali wa mita moja au mbili, mm² 10 unafaa. Weka kishikio cha fyuzi ya midi ya 60 ndani ya sentimita 20 za betri, lakini usitie fyuzi yenyewe bado.
4. Toa waya wa hasi wa unene ule ule hadi kwenye upau wa hasi wa kisanduku.
5. Kila kifaa kipate waya wake wa chanya na wake wa hasi, vyote virudi kwenye kisanduku. Kila tundu la bati livishwe mpira. Funga waya kila sentimita 30, mbali na bomba la moshi, bomba za mafuta na fimbo ya usukani.
6. Andika kwa kalamu isiyofutika, kwenye kisanduku na kwenye ncha ya waya: friji, viti vya kushoto, redio.
7. Kabla ya kurudisha umeme, pima kwa multimita iliyo kwenye kipimo cha mlio kati ya upau wa chanya na bodi ukiwa umechomoa vifaa. Ikilia, kuna shoti, usiendelee.
8. Rudisha chanya, kisha hasi, halafu fyuzi kuu. Vifaa viwashwe kimoja kimoja.

Soketi za USB za kila kiti ziungwe kwenye fyuzi moja?

Zinaweza, mradi waya za matawi nazo zihesabiwe. Gari la viti saba lenye soketi ya wati 24 kila kiti huvuta jumla ya ampea 17 hivi zote zikifanya kazi pamoja. Fundi anaweka waya mkuu wa mm² 4 na fyuzi ya 25, kisha anateremsha matawi ya mm² 1 au 1.5 kwa kila kiti. Mkuu uko salama. Tawi likichunika chini ya kiti, fyuzi ya 25 italiachia liive.

Njia safi ni kugawa mara mbili: kushoto fyuzi ya 15, kulia fyuzi ya 15, na matawi ya mm² 1.5.

Hasi irudi kwenye betri au niiunge kwenye bodi?

Kwa vifaa vyenye kisanduku karibu, irudi kwenye kisanduku. Bodi ya gari la zamani ina kutu, rangi na viungo vya bati ambavyo hujui vimeshikana kiasi gani. Betri ya pili yenyewe iungwe kwenye chasisi kwa waya mnene sawa na ule wa chanya. Piga msasa hadi bati ling'ae, weka lagi, washa yenye meno, nati, kaza, kisha paka grisi au rangi juu. Grisi ije baada ya kukaza.

Taa zinazofifia friji inapoanza, au redio inayokoroma, mara nyingi chanzo ni hasi mbovu.

Lagi ibanwe au ipigwe lehemu?

Ibanwe, kwa koleo la kubania la saizi yake. Nyundo na plaizi hazitoshi: uzi wa shaba unaachwa na hewa katikati, hewa inaleta kutu, kutu inaleta joto. Lehemu hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu kwa sentimita moja au mbili, na mtikisiko unaukata hapo hapo ugumu unapoishia. Ukibana, uvute kwa nguvu zako zote. Ukitoka mkononi, ungetoka barabarani. Maliza kwa bomba la kusinyaa lenye gundi ndani.

Tepu nyeusi peke yake hairuhusiwi kwenye boneti. Kwa joto la huko gundi yake inayeyuka na tepu inajifungua yenyewe.

Taa za mbele za ziada zinahitaji rilei?

Zikizidi ampea 5 hivi, ndiyo. Rilei ni swichi ya umeme inayowashwa na mkondo mdogo. Taa ya LED ya wati 180 huvuta ampea 13, na swichi ndogo ya dashibodi haipendi hilo. Kwenye rilei (namba hizi ni za miguu yake), 30 inapokea umeme kutoka fyuzi ya 20, 87 inakwenda kwenye taa, 86 inapokea ishara kutoka swichi, 85 inakwenda hasi. Ishara hiyo nayo iwe na fyuzi, ya ampea 3 inatosha.

Friji inazima usiku ingawa betri bado ina chaji. Kwa nini?

Pima volti mahali pawili kompresa ikiwa inafanya kazi: kwenye vichwa vya betri na kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.4, tatizo ni waya, fyuzi au soketi. Tofauti ikiwa ndogo na betri yenyewe iko chini ya 12, betri imechoka au haichajiwi ikajaa.

Friji nyingi zina daraja tatu za kujilinda. Ile ya juu kabisa hukata karibu na volti 11.8, na imekusudiwa kulinda betri ya kuwashia. Ukiwa na betri ya pili, weka ya kati.

Kisha hesabu. Friji inayovuta 5 na kufanya kazi theluthi moja ya muda hula ampea-saa 40 kwa siku. N70 inakupa 35. Kambi ya siku mbili bila kuendesha haitawezekana bila sola, na hakuna fyuzi ya kurekebisha hilo.

Soketi ya kiberiti cha sigara inatosha?

Kwa simu, ndiyo. Kwa friji kwenye barabara ya kokoto, hapana: plagi inaruka, inachezacheza, ncha yake inaungua. Tumia plagi za Anderson za ampea 50. Zinashikana kwa nguvu na hazikubali kuchomekwa kinyume. Rangi mbili tofauti haziingiliani, kwa hiyo nunua zote za rangi moja, kijivu kwa kawaida.

Inveta?

Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kikamilifu huvuta karibu ampea 100 kutoka betri ya volti 12. Iwe ndani ya mita moja ya betri, waya wa mm² 35, fyuzi ya 125 au 150 ya mega, moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kisanduku. N70 moja haitaipenda. Kwa kompyuta mpakato na chaji za kamera, ya wati 300 inatosha kabisa: waya wa mm² 10, fyuzi ya 40.

Redio ya mawasiliano niiunge wapi?

Moja kwa moja kwenye kisanduku au betri, njia yake pekee, fyuzi ya 10 kwa redio ya wati 25. Isichangie waya na soketi za USB. Chaji za bei rahisi zina kelele utakazozisikia kwenye spika.

Gari langu ni la volti 24. Naweza kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili?

Inawaka, na ndiyo maana watu hufanya hivyo. Betri unayoivuta inabaki nusu, nyingine imejaa. Alternata (jenereta ya injini) inatoa volti 28 kwa zote mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo iliyojaa inapata zaidi ya sehemu yake na kuchemka, na iliyopungua haijai kamwe. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekufa. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12, chenye fyuzi pande zote mbili, au chaja ya 24 kwenda 12 inayohudumia betri ya pili.

Betri mbili ziunganishwe kwa rilei ya kujiwasha au kwa chaja maalumu?

Kwa Land Cruiser ya zamani yenye alternata ya kawaida na betri mbili za asidi, rilei inayosoma volti inatosha. Nyingi hufunga (huunganisha betri mbili) volti zikifika 13.3 na kufungua (huzitenganisha) zikishuka hadi 12.8. Magari mapya yenye alternata inayoongozwa na kompyuta hushusha volti ili kuokoa mafuta, na rilei inabaki inafunga na kufungua. Hapo inahitajika chaja inayopandisha volti. Chaja ya kutoa ampea 25 inaweza kuvuta 32 au zaidi upande wa mbele: mm² 10 na fyuzi ya 40 ndiyo mwanzo.

Betri ya lithiamu inahitaji chaja hiyo kwa sababu mbili. Inameza mkondo mwingi kiasi cha kuchemsha alternata. Pia, ikiwa imetulia hukaa kwenye volti 13.3 hivi, juu ya kiwango cha kufungua, kwa hiyo rilei inaweza kubaki imefunga usiku kucha na betri mbili zikaisha pamoja. Shoti yake nayo inaweza kufika maelfu ya ampea, na fyuzi ya kawaida inaweza kushindwa kuuzima mkondo huo: uzi unayeyuka, lakini cheche inaendelea kupitisha umeme. Kwa lithiamu kubwa, fyuzi kuu iwe ya daraja la T.

Gari limeegeshwa wiki tatu za masika, betri ya pili imekufa. Nilizima kila kitu.

Soketi za USB, kipima volti chenye taa na redio iliyo usingizini vinaendelea kunyonya. Miliampea 50 kwa jumla ni ampea-saa 25 ndani ya siku 21, na betri ambayo haikujaa siku ya kuegeshwa haina hizo za kutoa. Weka swichi kuu kati ya fyuzi kuu na kisanduku, uizime gari linapoingia gereji. Kutafuta mnyonyaji, weka multimita kwenye kipimo cha ampea, iunganishe kati ya kichwa cha hasi na waya wake, kisha chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Mara nyingi ni ile njia ambayo hakuna aliyeiandika jina.